Mgawo wa Nyenje

Kinda alikuwa sakafuni mwa banda, uchi, mdomo wa manjano umeachama. Nilimwokota, nikabonyeza kifuko cha koo. Kitupu.

"Baba yao kamtupa," alisema mke wangu, Lasmi. "Kawa na wazimu kama mwenyewe."

Mwenyewe alikuwa kaka yangu Sarju. Dume yule wa murai, ndege wa kuimba, alikuwa wake. Jike na banda vilikuwa vyangu. Mji wetu wote wa Klaten, wakati ule, ulimjua dume huyo: akiimba, waamuzi walisahau sigara zao zikaungua zenyewe. Na kila afugaye ndege wa mashindano anajua mgawo. Nyenje wachache tu, na wa dume huyu aliwapima Sarju. Ukimzidishia, damu inachemka, anatafuta ugomvi badala ya wimbo.

Mimi nilisoma shule ya jioni, baada ya kutwa nzima katika kiwanda cha sukari, na huko nilijifunza kutoliamini jibu la kwanza. Nikasimama pembeni nikatazama. Dume alileta nyenje mmoja, akamlisha mmoja wa makinda wawili waliobaki. Akarudi bakulini. Hakuna kitu. Akazunguka, akarudi tena kiotani, akamshika yule mdogo kwa bawa, akavuta.

Nilipiga ubao. Akamwachia.

Nilikwenda kwa Sarju, lakini kuketi sikuweza. Chai ikapoa.

"Kaka, mwongezee chakula."

"Kesho ana mashindano! Nimpeleke uwanjani kuimba au kupigana ngumi?"

"Makinda wanakufa njaa."

"Watatagwa wengine." Akacheka. "Kombe halitagwi, mdogo wangu."

Niliondoka kwa njia ya mifereji ya mpunga, nikafika karibu na nyumbani, nikageuka. Nikaenda sokoni. Nikarudi na kopo la nyenje na mfuko wa mayai ya majimoto, wale sisimizi wekundu wa mitini, nikamwaga vyote bandani. Lasmi alinitazama mikono kiunoni.

"Kaka yako atakuchuna ngozi."

"Achune."

Sikulala vizuri. Asubuhi Sarju alikuja na tundu lake limefunikwa batiki mpya. Akapiga mluzi. Dume hakugeuka, alikuwa bakulini, kiotani, bakulini, mkia juu. Sarju alipopiga mluzi tena, alijibiwa kwa ukali wa ndege anayelinda kwake.

"Umeniharibia."

"Ndiyo, kaka."

"Hata samahani husemi?"

"Sisemi."

Nilingoja ngumi. Barabarani pikipiki zilipita na matundu migongoni kuelekea uwanjani, watu wakimwita Sarju kwa jina. Yeye alikuwa amebandika uso kwenye wavu. Kiotani, shingo moja ilikuwa imevimba kwa chakula.

Akaliweka tundu chini. Pikipiki ya mwisho ikapotea. Tulikaa hivyo mpaka jua likapanda juu ya paa, mimi nikihama mguu hadi mguu.

"Huyu mdogo," akasema hatimaye, bila kunitazama, "bado hajapata."