Chungu Kilichooshwa Mapema

Sidonie aliondoka kwao Kabambare na mkono mwepesi wa kupika na neno moja la mama yake. Siku ya kumtoa, mama alimfunga kitambaa kichwani, akakikaza mpaka mtoto akafumba macho, akamwambia: "Chakula kinachobaki ni chakula kilichokataliwa. Ukifika kwa watu, chungu kirudi kikavu." Sidonie akalimeza neno hilo kama dawa. Neno zuri, sikatai. Lakini neno zuri la kwenu ukilibeba mpaka kwa wenzako bila kuuliza, wee, utaona.

Alikuwa ameolewa na Théophile, seremala wa misioni pale Kasongo, mwanamume mpole asiyejua kugombana hata na mbuzi. Théophile alikuwa amekwisha kumjengea jiko lake nyuma ya nyumba: kuta za udongo, nyasi mpya juu, mlango wa mbao alioupiga randa mwenyewe. Ndani hamna kitu. Figa hakuna, jivu hakuna. Sidonie alilifagia kila asubuhi, na hakuna kinachouma kama kufagia jiko lisilo na jivu.

Maana katika ukoo ule bibi arusi hajiwashii moto. Kwanza anapika juma zima katika jiko la mama mkwe, chakula cha jioni cha watu wote wa nyumba. Jumapili, mama mkwe akiridhika, anamletea mafiga matatu na kijinga cha moto kutoka jiko lake mwenyewe, na tangu hapo bibi arusi ni mwanamke mwenye nyumba. Asiporidhika, basi. Bibi arusi ataendelea kupika chini ya jicho la mkubwa, kama mtoto wa kutumwa chumvi. Albertine, mke wa kaka yake Théophile, aliyekaa ua huo huo, alinyimwa moto mara mbili kabla ya kuupata, na mpaka leo ukimkumbusha anakunja pua. Kwa hiyo Sidonie alipoanza Jumatatu yake, alionja mchuzi mara tatu kabla ya kupakua.

Ulikuwa msimu wa kuchuma pamba, ile pamba ya lazima ya Wabelgiji, na watu walirudi shambani na vumbi mpaka kwenye kope. Sidonie aliwawekea bugali na samaki mkubwa wa moshi kutoka Nyangwe, aliyelala ndani ya mawese na pilipili. Baba mkwe wake, mzee Gaston, alikula huku jasho linamtoka, akaramba vidole, akaramba na kifundo cha mkono. Albertine na mumewe hawakuinua kichwa. Mama mkwe, Mama Cécilia, mwanamke mnene wa maneno machache, alikula taratibu akitazama mbele.

Lakini ee Mungu, chakula kilibaki! Nusu nzima ya samaki, na bugali juu yake. Mama Cécilia aliinuka, akakifunika chungu kwa mkono wake mwenyewe, akaenda zake. Sidonie akaona dunia inazunguka. Wamekataa. Siku ya kwanza tu, wamekataa.

Akamvuta Théophile nyuma ya jiko.

"Kula."

"Nimeshiba, Sidonie."

"Kula! Ao unataka niaibike mbele ya mama yako?"

Théophile akala bugali yote, maskini, mpaka ikabidi alale chali na kuhema kama mtu aliyebeba gunia la pamba. Samaki alimshinda. Sidonie akamtia katika chungu kidogo, akamfunika kwa jani la mgomba, akampandisha katika ghala la mpunga, lile lililosimama juu ya miguu minne ya mti. Chungu kikubwa akakisugua kwa mchanga mpaka kikang'aa, akakipindua kikauke.

Asubuhi, jogoo hajawika vizuri, Mama Cécilia huyo jikoni. Akakipindua chungu. Akatazama ndani. Akamtazama Sidonie, aliyekuwa amesimama pale na meno yote nje kwa fahari.

"Umeosha."

"Nimeosha, mama."

"Mm," akasema Mama Cécilia, na kuondoka na njaa yake.

Sasa hapa lazima nikuambie jambo ambalo Sidonie hakuambiwa. Kwa wanawake wa ukoo ule, mtihani wenyewe si jioni. Jioni chakula kina wasaidizi: kina moto na kina njaa ya watu, na mtu mwenye njaa atasifu hata jiwe. Kinachosema kweli ni chakula kilicholala. Mama mkwe anakuja alfajiri, peke yake, anakila baridi, bila maji ya kusukumia. Hapo ndipo anapojua kama mkono wa bibi arusi ni mkono kweli. Ndiyo maana jioni kila mtu anaacha kidogo, wanaume nao wanaacha kwa kuwa baba zao waliacha, na hawaulizi sababu. Na bibi arusi haambiwi! Akiambiwa kabla, juma limeharibika, linaanza upya. Kumbe huku mwenzetu kutoka Kabambare anamficha mama mkwe haki yake, tena kwa bidii, tena anatabasamu.

Jumanne Sidonie alimtoa yule samaki ghalani, akamchambua, akamtia ndani ya sombe. Majani ya muhogo yalitwangwa mpaka yakawa laini kabisa, harufu ikafika barabarani. Watu wakala, wakaacha. Sidonie akauma midomo. Sombe iliyobaki, aliichemsha tena hapo hapo kabla moto haujafa, akaificha, na Jumatano ikaingia kwenye maharagi. Wakala, wakaacha. Alhamisi yale maharagi yakapondwa pamoja na makemba mabivu, zile ndizi kubwa za kupika, yakakaangwa kwa mawese, tamu mpaka Albertine akafumba macho.

Mzee Gaston akakiinua kipande kwenye mwanga wa moto, akakigeuza.

"Mke wa Théophile," akasema, "huyu samaki ninamujua. Tulionana Jumatatu."

"Baba!" Sidonie akaona aibu mpaka masikioni.

"Hapana, mutoto wangu, iko vizuri. Kila siku anakuja na nguo mupya. Mimi minapenda mugeni wa hivyo." Akamtupa mdomoni, akacheka peke yake mpaka akapaliwa.

Wote walicheka isipokuwa Mama Cécilia. Huyo kila alfajiri alikuwa anakuja jikoni, na kila alfajiri anakuta chungu kinang'aa mpaka angeweza kujitazama uso. Alianza kugonga vitu. Akiweka ndoo, anaigonga. Akifunga mlango, ua mzima unajua. Sidonie alipoona hivyo akazidisha kusugua.

Albertine alimhurumia. Hakuweza kusema, lakini ulimi ulimwasha. Ijumaa walipokuwa wakitwanga mpunga pamoja, akamwambia, "Mudogo wangu, chungu kikioshwa asubuhi si zambi, unajua?"

Sidonie akashusha mchi. "Yaya," akasema, kama mtu anavyomwita dada mkubwa, "unataka niitwe muvivu?"

"Mimi sijasema kitu."

"Hata yaya mwenyewe! Nilikuona ni dada yangu."

"Basi, twanga," akasema Albertine, akatwanga kwa hasira mpaka mpunga ukaruka nje ya kinu.

Jioni ile Sidonie alipika wali, na ndani yake akachanganya yale makemba ya maharagi yaliyobaki pamoja na karanga za kusaga. Wakala, wakaacha. Alipokuwa anapita nyuma ya nyumba na chungu chake kidogo, akasikia mzee Gaston na mkewe wanaongea barazani.

"Jumapili moto hautoki," alisema Mama Cécilia.

"Kwa nini? Mutoto anapika mpaka minasahau jina langu!"

"Mambo ya jiko si yako. Vuta kiko chako."

Sidonie hakusikia zaidi. Aliweka chungu ghalani, akaingia ndani, akakaa chini kando ya kitanda na kulia kwa sauti, bila kuficha, kama mtoto aliyeanguka. Théophile alimkumbatia, akasema mama yake ni mtu mgumu, akasema hata wakikaa mwaka bila jiko yeye atakula popote. Mwanamume na faraja zake! Sidonie hakutaka kula popote. Alitaka jiko lake liwe na jivu. Alitaka kesho kutwa, watu wa Kabambare wakija kumwona, wamkute anapuliza moto wake mwenyewe.

Jumamosi aliamka na macho yaliyovimba, akaenda mtoni kuteka maji. Aliporudi, mtungi kichwani, akasimama katikati ya ua.

Miguu miwili ilikuwa inaning'inia nje ya mlango wa ghala.

Ilikuwa miguu minene, yenye vumbi, inachezacheza kwa raha. Kutoka ndani ilitoka sauti ya mtu anayetafuna. Sidonie alitaka kupiga kelele ya mwizi, kisha akatazama vizuri pindo la kitambaa, na kelele ikamrudi kooni. Akatua mtungi.

"Mama?"

Utafunaji ukanyamaza. Kisha sauti nzito ikasema kutoka ndani ya mpunga, "Usiniite. Ninakula."

Mama Cécilia alikuwa amepanda kuchukua mpunga, akanusa samaki wa moshi mahali pasipo na samaki. Mtu mwenye njaa ya juma zima utamzuia? Alikuwa amekaa juu ya mpunga, chungu kidogo magotini, mawese kidevuni. Alikitoa kichwa nje, na kwa kuwa alikuwa amekamatwa, akaona afadhali agombe.

"Wewe mutoto wewe! Juma zima unanilaza na njaa! Jumatatu nakuja, umeosha. Jumanne umeosha. Munyimi gani huyu, mimi najiuliza, mwana wangu ameleta nani hapa? Kumbe chakula iko! Iko ndani ya mpunga, pamoja na panya!"

"Mama, nisamehe, sikujua kama mama anakitaka. Kwetu kinachobaki ni kilichokataliwa. Niliona mumekataa. Kila siku mumekataa, nami nikaficha nisiaibike, nikapika tena." Machozi yakamshika. "Niliosha ili mama anipende."

Mama Cécilia alifuta mawese kidevuni. Kisha tumbo lake likaanza kutikisika, na kicheko kikapanda mpaka ghala lote likatikisika, mpunga ukamwagika chini na kuku wakaja mbio. Albertine alitoka kwake na mwiko mkononi, akaona, akaweka mikono kichwani: "Jamani, mama anaiba!"

"Nyamaza wewe, siibi, ninapima." Mama Cécilia alifuta macho kwa mgongo wa mkono. "Muficha uchi hazai, mutoto wangu. Ungeuliza."

"Yaya angeniambia."

"Yaya angekuambia, ningeanza upya. Lakini nani amekuambia? Hakuna. Mimi nimekula kwanza, ndio umejua." Na hapo, akiwa bado juu ya ghala, akamweleza yote, haki ya alfajiri na chakula kilicholala, huku Sidonie akijishika mashavu kwa kila neno.

Kisha Mama Cécilia akainamia chungu, akapitisha kidole ukingoni, akaonja tena, na uso wake ukawa mtulivu.

"Samaki wa Jumatatu yumo," akasema. "Sombe imo. Maharagi yamo, hayakuchacha. Makemba, karanga, wali. Wengine wananilaza kitu usiku mumoja tu, asubuhi kinanuka." Albertine akatazama pembeni. "Wewe umelaza juma zima ndani ya nyungu moja, na bado linataka kuliwa. Nitakunyima moto kwa nini?"

Sidonie akafuta machozi kwa kiganja.

"Unajua kwa nini niligonga ndoo? Kila alfajiri nilikuja kabla ya jogoo. Si kukutega. Nilikupenda tangu siku ile ulipofika, nikataka nile, niseme ndiyo, kwisha. Na kila siku ulinifungia njia. Hilo ndilo liliniuma, kuliko njaa." Akanyoosha mikono. "Sasa nisaidie kushuka, mimi si muke wa kukaa ghalani."

Walimshusha wawili, Sidonie upande huu na Albertine upande ule, wakicheka mpaka nguvu zikawaishia. Sidonie akachungulia ndani ya chungu.

"Mama, hiki kilikuwa cha leo jioni."

"Kilikuwa," akasema Mama Cécilia, na kwenda kunawa.

Jumapili, baada ya misa, majirani walijaa uani. Théophile alikuwa amevaa shati lake jeupe na hakujua aweke mikono wapi. Albertine na mumewe walibeba mafiga, mzee Gaston akabeba la tatu akilalamika mgongo, na nyuma yao akaja Mama Cécilia, kijinga cha moto mkononi, anatembea polepole ili kisizimike. Wanawake wakapiga vigelegele. Sidonie alikuwa ndani ya jiko lake jipya, amesimama katikati, kama alivyoagizwa.

Mafiga yakaingizwa, yakapangwa. Mama Cécilia alifika mlangoni na kusimama. Ua ule ulikuwa wake, ardhi ile ililimwa na mume wake, mlango ule ulipigwa randa na mwana wake, na tangu yeye mwenyewe apewe moto hakuna mahali pa ua ule alipoingia kwa kuomba. Akavua viatu vyake vya misa. Akainamisha kichwa.

"Hodi," akasema, "mama mwenye jiko."

Watu wote wakanyamaza wasikie jibu. Sidonie alifungua mdomo, na badala ya neno yakatoka machozi, tena mengi, ya furaha, hayazuiliki. Akafungua tena mdomo. Wapi! Na kile kijinga kinazidi kuwa kifupi.

"Nikaribishe basi, mutoto," akanong'ona Mama Cécilia, "vidole vyangu vinaungua."

"Karibu, mama," akasema Sidonie. "Karibu kwangu."