Chupa Tunayoiita Shahidi

Kazini wananiita Pua, na jina hilo nimelipata kwa haki. Tone moja la petroli kwenye ndoo nzima, mimi naisikia. Basi asubuhi ile nilipofungua kifuniko cha kisima namba nne harufu ikanipiga usoni, nilijua. Nikajifanya sijui.

Tunapima maji ya chini ya ardhi pale palipokuwa na sheli ya zamani. Tangi lake lilitoboka likafukuliwa, na sisi tukachimba visima vyembamba kulizunguka tuone mafuta yanaelekea wapi. Namba moja mpaka tatu yalishafika. Namba nne iko chini ya ukuta wa mdogo wangu, na nyuma ya ukuta huo kuna pampu anayochotea maji ya kunywa. Ana mimba ya miezi saba. Yakifika namba nne, yamefika kwake.

Miezi mitatu kabla ya hapo maabara walituletea majibu: namba nne ina petroli. Nilimkimbilia bosi kabla hajaniita.

"Bosi, kosa langu. Nilijaza pikipiki mafuta njiani, nikachota bila kubadilisha glavu."

Alinifokea mpaka mate yakamruka, kisha akayafuta majibu. Nikashukuru! Mtu anatukanwa, anashukuru. Mdogo wangu aliponiuliza habari za maji, nikamwambia, "Kunywa, hayana neno."

Safari hii nilisimama tena kujaza mafuta. Niseme ukweli wa Mungu: pikipiki ilikuwa na mafuta ya kutosha. Nilikuwa natafuta kisingizio mapema, maana hofu ilishaniingia.

Ila kuna chupa tunayoiita shahidi. Ni maji safi kabisa ya maabara. Tunayabeba mpaka kisimani, tunayamimina kwenye chupa nyingine kwa mikono ile ile na glavu zile zile, tunayarudisha yakapimwe. Yakionekana na petroli, mchafu ni mimi. Yakiwa safi, mchafu ni kisima.

Siku nne nilimwomba Mungu anitie hatiani. Nifukuzwe kazi, nichekwe, sawa tu. Mdogo wangu akipiga simu, naiacha iite; mwisho nikapokea.

"Dada, mbona umeadimika? Umepata mchumba unanificha?"

"Mchumba wapi! Hebu usinywe maji ya pampu kwanza. Wanaisafisha."

"Njia ya mwongo ni fupi, dada. Pampu yangu mwenyewe, nani anaisafisha nisijue?" Akacheka mpaka akakohoa. Hapo ndipo ningesema. Nikacheka naye, mwoga mimi.

Siku ya tano mzee wa maabara akapiga.

"Pua, namba nne imechafuka. Kuliko mara ile."

"Na shahidi?"

"Safi."

Nikakaa sakafuni. "Labda umekosea, mzee wangu."

"Nimepima mara mbili."

"Na shahidi wa mara ile?" Sijui hata nilipataje ujasiri wa kuuliza. Nikasikia karatasi zikifunuliwa.

"Safi vilevile. Kwani hamkusoma ukurasa wa pili?"

Hatukusoma. Tungesoma ya nini, na kosa lilishapata mwenyewe?

Nilimkuta mdogo wangu kizingitini, miguu imemvimba, glasi mkononi. Nilimpokonya kwa nguvu, maji yakammwagikia gauni zima.

"We dada, una wazimu?"

"Maji yana petroli. Usiyanywe, usiyapikie, usiyaoge."

Akashika tumbo kwa mikono miwili. Nilidhani atapiga kelele. Bora angepiga.

"Tangu lini?"

Ningeweza kusema tangu leo. Jibu hilo lilikuwa limeshanifika mdomoni, na nilimwogopa mdogo wangu kuliko nilivyowahi kumwogopa bosi yeyote.

"Tangu siku ile niliyokwambia unywe."

Akatazama gauni lililolowa.

"Lakini dada," akasema polepole, "nilikuuliza kwa sababu kliniki waliniambia ninywe maji mengi, yanamsaidia mtoto. Nimekuwa nikijilazimisha. Jagi zima, kila siku."