Mkeka kando ya kitanda cha Marceline

Wewe, ulishawahi kulala mahali ambapo mlango hauna kishikio upande wa ndani? Mimi nililala huko, kwenye nyumba ya wagonjwa wa akili, upande wa Kampemba. Majengo ya matofali ya zamani za Wabelgiji, kuta kijani hadi begani, juu nyeupe iliyopauka. Mgonjwa alikuwa binti yangu Marceline. Mimba yake ilikufa tumboni, na tangu hapo hakutoa neno.

Kila mgonjwa anakaa na mtu wa jamaa wa kumwangalia. Wa Marceline nilikuwa mimi. Asubuhi tunapiga deki, tunawaosha wagonjwa bombani, tunawasha mbabula ya makaa uani, tunasonga bukari, ugali wetu. Halafu Adalbert, muuguzi, anapita na vidonge. Marceline alikuwa anavitema.

"Mama," Adalbert aliniambia siku moja, "kama anatema tena kesho, tunamupeleka kule nyuma."

Kule nyuma ni vyumba vya milango ya nondo. Jamaa haingii. Makelele ya huko tuliyasikia tukiwa tunakula.

Léonard, mume wa Marceline, alileta unga na mboga kila asubuhi, lakini aliishia nje chini ya dirisha, akituma mtu aniingizie. Kwetu mkwe haingii chumba anacholala mama mkwe. Na mkeka wangu ulikuwa pale pale, umeshikana na kitanda. Nilimsifu kwa heshima ile.

"Mama, ule mukwe yako banamulipa kushikilia ukuta?" alisema Chola, mgonjwa wa kitanda cha pili, kesho yake asubuhi. "Siku akitoka, nyumba itaanguka!"

Nikacheka. Marceline hakucheka.

Adalbert akaingia, nyuma yake wanaume wawili wa kubeba wagonjwa. Kidonge kikaingia mdomoni mwa Marceline. Kikatoka, kikaanguka kwenye kitenge changu.

"Basi," Adalbert alisema.

Wakamshika mabega. Marceline akang'ang'ania chuma cha kitanda, kitanda kikaburuzika naye.

"Baba Adalbert, ngoja kidogo!" Nikapiga magoti. "Marceline, mwanangu, unataka nini? Sema!"

Akatazama dirisha, ambapo kofia ya Léonard ilionekana nusu. Kisha akatazama mkeka wangu. Midomo ikafunguka, imekauka, ina nyufa.

"Mama," alisema, "kunja mukeka yako, utoke. Niko nataka Léonard aingie."