Mtu wa Mbele

Katika mtumbwi wetu wa magome tulikuwa wanane, na neno la mtu wa mbele halikupingwa. Yeye ndiye aliyesoma maji. Mimi, Basile Trottier, nilisimama nyuma na kafi refu la usukani, nikielekeza pale alipoonyesha Onésime Gariépy. Kwa miaka kumi na miwili hakuwahi kutupoteza.

Asubuhi ile tulitua juu ya maporomoko. Wenzetu wakawasha viko. Onésime akapanda jiwe, akatazama chini kwa muda mrefu.

"Kushoto, kama siku zote," alisema. "Leo hatubebi mizigo kwa miguu; tunateremka majini."

Wakashangilia. Nani anapenda kupita kwenye matope na mbu, marobota mawili mgongoni? Nami nikatazama kushoto. Msonobari mzima ulikuwa umeanguka wakati wa baridi, umelala kukatiza mkondo, maji yakipita juu yake kimya, bila povu. Hata mtoto angeuona.

Hapo nikajua: Onésime alikuwa akisoma mto wa mwaka jana, tena kwa masikio.

Sikutaka aaibike, lakini zilikuwa roho nane. Nikamsogelea.

"Mzee, bega langu linauma," nikanong'ona. "Sema tubebe."

"Bega gani? Jana ulimbwaga Louison mara tatu kwenye mieleka." Akashusha sauti. "Kuna nini pale, Basile?"

"Mti."

"Mkubwa?"

"Unatosha kutuzika wote."

Akavuta kiko kilichokwisha kuzimika. Mtu wa mbele akishushwa hurudi katikati na wapiga makafi wengine, na msimu unaofuata huenda asiitwe kabisa. Nilidhani ataukubali uongo wangu. Badala yake akawageukia wenzetu.

"Jamani! Macho yangu yamechoka. Nilikuwa karibu kuwaua. Tunabeba. Na kuanzia leo Louison atakaa mbele."

Louison, mwenye ulimi mkali kuliko wote, akakohoa.

"Basi tumepata mla mafuta mpya," alimwambia Onésime. Ndivyo tunavyowatania wageni wa kazi. "We mla mafuta, kushika kafi unajua?"

"Nitajifunza, mkubwa. Nivumilie tu, mimi mgeni."

Tulicheka sote, tukajitwisha marobota.

Chini ya maporomoko Onésime aliketi katikati. Louison alishika nafasi ya mbele, lakini kabla hajapiga kafi akageuka, ukali wote umemtoka.

"Mzee, kona ile nipite wapi?"

"Niambie kwanza unaona nini," Onésime akajibu.