Kurasa Ambazo Hazihesabiwi

Debora, mhariri wa kampuni ya vitabu, alilamba ncha ya kidole, akaanza kuhesabu upya muswada wangu, na kila alipofika penye mchoro aliuruka kama mtu anayeruka dimbwi.

"Hamsini na sita, Mzee Matonya. Kampuni hulipa kwa ukurasa wenye maandishi."

"Kitabu kina kurasa mia moja na arobaini, mwanangu."

"Nyingine ni picha."

Mke wangu, Hilda, alinibana goti chini ya meza. Malipo yenyewe yalikuwa ya mara moja. Nikishatia saini, kitabu ni chao, hata kikiuzwa vyuo vyote vya ufundi nchini. Nasi tulikuwa tumetoka Buigiri na nauli ya kurudia tu.

Mimi ni mwongo mashuhuri. Kutoka kwetu hadi Kolo wanaijua ile pampu niliyoitengeneza ikavuta maji kwa nguvu mpaka ikamtoa kambale, akalalamika kwamba ameamshwa. Lakini kitabu changu cha kutengeneza pampu za visima sikukitia chumvi hata punje. Miaka tisa nilifuta maneno na kuchora mahali pake, maana fundi mwenye grisi mikononi, bomba likining'inia shimoni, hana nafasi ya kusoma aya. Kila sura nilimpa Hilda aifuate, spana mkononi. Akikwama, nafuta tena. Kumbe kila nilipokiboresha kitabu, nilikuwa nikijipunguzia ujira.

"Si uongeze maelezo?" Debora alisema kwa huruma. "Stori zako hizo, mzee, zinajaza kurasa mia kabla ya Ijumaa."

Zingejaza, kweli. Nilizihisi zikisukumana kooni. Kisha nikaliona bomba likiteleza, na fundi akipekua porojo zangu kutafuta pa kukaza.

"Hapana." Sauti ilinitoka ndogo, nikaishangaa. "Michoro ndiyo kazi yenyewe. Ihesabuni. Na kila nakala itakayouzwa, nami nipate sehemu yangu."

"Mkurugenzi hatakubali."

"Mpelekee aone."

Akazikusanya karatasi, akaingia chumba cha pili. Kupitia kioo cha mlango tulimwona mkurugenzi akitikisa kichwa kabla Debora hajamaliza kusema.

"Tungezichukua tu hizo pesa," nilinong'ona.

"Nyamaza, baba Erica."

Mkurugenzi alifunua mchoro wa kwanza, akaufunika. Akaufunua tena. Akaigeuza karatasi ubavu, akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha, na mkono wake wa kulia, taratibu, kama usio wake, ukaanza kuzunguka hewani, ukikaza nati isiyokuwepo.