Zamu ya Alhamisi

Seva mpya ya barua pepe iligoma asubuhi, na sababu yake ilikuwa mstari mmoja kwenye kioo cha kompyuta: nambari hii ina mwenyewe.

Sirkku Haverinen aliusoma tena, akanywa kahawa iliyokwisha poa. Halmashauri ya Haukisuo ilikuwa imemwajiri kwa majaribio, na majaribio yalikuwa yakiisha wiki hiyo. Mkuu wake, Orvokki Leinonen, hakuzungusha maneno. Seva ikianza kufanya kazi kabla ya watu kwenda likizo, ajira ni yake. Isipoanza, itaitwa kampuni kutoka mjini.

Kilichoikwamisha seva ni saraka, ile kumbukumbu inayomjua kila mfanyakazi, jina lake, chumba chake na simu yake. Seva ya barua haiingii mpaka iongeze sehemu zake kwenye muundo wa saraka, na kila sehemu hubeba nambari ambayo haifai kubebwa na nyingine popote duniani. Nambari moja kati ya hizo ilikuwa imeshakaliwa na sehemu iliyoitwa "vm" tu. Ndani yake, mbele ya majina ya watu, mlikuwa na tarakimu mojamoja.

Sehemu ikishaingia kwenye muundo haifutiki. Huzimwa, ndipo nambari yake huwa huru. Kuizima ni kazi ndogo, lakini nani alikuwa akiisoma? Huenda ni milango ya nyumba ya wazee. Huenda ni king'ora cha zimamoto.

Aliyeiweka alijulikana. Ni Veijo Moilanen, fundi wa zamani aliyestaafu. Ila ilikuwa Julai, majira ya joto, Veijo yuko kwenye kibanda chake ziwani, na mtu aliye mapumzikoni kibandani hapigiwi simu. Sirkku aliona heri azime tu, asubiri kitakacholia. Akapeleka kidole kwenye kitufe, akakirudisha. Akatoka nje, akalizunguka jengo, akarudi, akapiga.

"Moilanen."

"Samahani mzee, ni Sirkku wa halmashauri. Nakusumbua."

"Umeshanisumbua. Sema basi."

"Ile sehemu ya vm kwenye saraka, ni ya nini?"

Maji yalisikika yakigonga gati.

"Ni sauna," Veijo akasema, yaani kile chumba cha kuogea mvuke. "Zamu za sauna ya ofisini. Tarakimu ni siku, Jumatatu ndiyo moja. Kuna kikompyuta chumba cha boila, kinazisoma, kinawasha jiko saa kumi jioni."

"Na nambari yake? Imo kwenye kundi la nambari za watu wengine kabisa. Za kwetu zinaombwa, tena bure."

"Sasa niwasumbue watu wazima kwa ajili ya sauna? Nikachukua moja niliyoona imekaa bure."

"Leo imepata kazi, mzee."

"Naona. Basi izime, binti. Tarakimu zihamishie kwenye sehemu ya maelezo, haina mtu. Halafu kile kikompyuta kibadilishie jina la sehemu kinayoisoma, mstari wa juu kabisa." Akashusha sauti. "Ya kwangu usihamishe."

Sirkku akatazama. Jina la Veijo bado lilikuwemo, na mbele yake nne. Alhamisi, peke yake.

"Kumbe bado unakuja?"

"Kwa mlango wa nyuma. Ya nyumbani siiwashi tangu mke wangu Aili afariki, kuni zote zile kwa mtu mmoja. Na kuomba ruhusa ni kuwasumbua."

Sirkku alifanya kwanza kwenye mashine ya majaribio, kisha kwenye saraka yenyewe. Alihamisha tarakimu zote isipokuwa moja, akakibadilishia kikompyuta jina, akaizima vm, akaianzisha seva upya. Safari hii ikaingia bila neno.

Akaenda kwa Orvokki. Angeweza kusema seva inafanya kazi, akaondoka na ajira yake. Kumwombea mtu wa nje matumizi ya mali ya ofisi, tena siku kama ile, hakukuwa na faida kwake.

"Kuna jambo la Veijo Moilanen," akasema, akitazama sakafu. "Na Alhamisi."

"Sauna?" Orvokki hakuinua macho. "Kila mtu anajua. Unadhani soseji anazozikuta kwenye friji kila Alhamisi hujiweka zenyewe?"

"Yeye hajui kama mnajua."

"Tungemwambia tungemsumbua." Orvokki akafunga faili. "Na seva?"

"Inafanya kazi."

"Basi ajira ni yako. Mpigie umwambie aje kwa mlango wa mbele."

"Mimi tena?"

"Wewe si ndiye bingwa wa kupigia watu vibandani?"

Sirkku alirudi mezani, akaandika nne mbele ya jina la Veijo, mahali papya. Kisha akachukua simu.

"Moilanen."

"Samahani mzee. Nakusumbua tena."