Ndoo Ileile

Kazini walimwita Nukta, kwa kuwa hakuwahi kusahau hata nukta moja katika programu zake. Ndiye aliyeandika, kwa lugha ya kompyuta iitwayo C, programu ya mashine ya kuchanganya rangi za nyumba. Kisha mama yake akalazwa, naye akaenda kumwuguza. Aliporudi alikuta jina lake limefutwa kwenye programu, limewekwa la mume wa dada yake, mkuu wa kitengo.

"Mambo ya ofisi hayo, shemeji," mkuu huyo alimwambia akicheka. "Si sisi ni familia moja?"

Nukta akarudi mezani pake.

Mkurugenzi alitaka mashine iende mbio zaidi. Shemeji akaongeza neno moja, la kuiahidi kompaila, ile inayoigeuza programu kuwa lugha ya mashine, kwamba vielekezi viwili, cha rangi inayosomwa na cha ndoo inayojazwa, havitaonyesha kamwe mahali pamoja kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Kompaila ikamwamini, ikaacha kuiamuru mashine isome upya tarakimu ilizokwisha kuzishika.

"Ahadi hiyo ni ya uongo," Nukta alimwonya. "Mtu akiongeza rangi kwenye ndoo ileile, vyote viwili vinaonyesha mahali pamoja, na vipimo vitaharibika."

"Wewe kauguze wagonjwa. Programu niachie mimi."

Basi akamwachia.

Siku ya maonyesho mashine ilikwenda kama umeme, wageni wakapiga makofi. Nukta akamnong'oneza mnunuzi mkuu, naye akapaza sauti: "Ukuta wangu haujaisha. Niongezee kwenye ndoo hiyohiyo."

Shemeji akabonyeza. Rangi ya maziwa ikageuka tope, ikafurika, ikamwagikia viatu vyake.

"Kompaila ina hitilafu!" akababaika.

"Haina," Nukta akasema. "Imedanganywa."

Mkurugenzi akamkazia macho shemeji. "Programu ni yako. Irekebishe."

Shemeji akaketi. Nukta akavuta kiti karibu naye, akamtazama jasho likimchuruzika. Angeweza kumwonyesha kwa kidole tu. Hakumwonyesha.

"Nani hasa aliiandika?" mkurugenzi akauliza mwishowe.

"Yeye," shemeji akajibu, kichwa chini.

Ndipo Nukta akanyoosha mkono, akalifuta lile neno.

Jioni dada yake akapiga simu akilia. "Umemwaibisha mume wangu mbele za watu! Kavuliwa ukuu!"

"Aliniibia nikimlisha mama kwa kijiko, dada."

"Ungemwambia pembeni."

"Nilimwambia."

Dada akakata simu. Nukta alisubiri majuto. Hayakuja. Akala akashiba, akalala fofofo.